Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kufundisha Historia kwa Video za Bure za Mtandaoni katika Shule za Sekondari za Uganda

Ukurasa huu umeandaliwa kwa ajili ya walimu wa Historia na Elimu ya Siasa, hasa wa kidato cha kwanza hadi cha nne. Maswali ni yale yanayorudiwa katika mikutano ya idara, semina za wakati wa likizo na makundi ya WhatsApp ya walimu. Jambo lililokwisha kujibiwa halirudiwi; msomaji anaelekezwa kwenye swali linalohusika.

## Mambo ya msingi

1. Je, mtaala unaruhusu kufundisha kwa video?

Unaruhusu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020, na ambao watahiniwa wake wa kwanza walifanya mtihani wa kumaliza kidato cha nne (UCE) mwaka 2024, unamtaka mwanafunzi atafute ushahidi, aulinganishe na ajenge hoja yake mwenyewe, badala ya kukariri maelezo aliyoandikiwa ubaoni. Video ni ushahidi mmoja miongoni mwa mwingine, sawa na barua, ramani, picha, ngoma au maneno ya mzee wa kijiji. Ikitumiwa hivyo, haihitaji kuombewa kibali cha pekee.

2. Video inaweza kufanya nini ambacho kitabu hakiwezi?

Inaonyesha uso, sauti, umati na mahali. Kitabu kitasema kwamba Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na sentensi hiyo itapita kama zilivyopita nyingine. Filamu ya Kololo inamwonyesha mwanafunzi bendera moja ikishuka na nyingine ikipanda usiku wa manane, Mtawala wa Kent akiwa amesimama kwa niaba ya Malkia, na Waziri Mkuu Milton Obote akiwa kijana kuliko alivyodhaniwa. Hapo maswali huanza yenyewe: mbona Malkia hakuja? Mbona Kabaka, mfalme wa Buganda, yumo katika sherehe lakini siye anayekabidhiwa nchi?

Hata hivyo, video ni mwalimu dhaifu wa sababu na masharti. Mkataba wa Buganda wa tarehe 10 Machi 1900, pamoja na ugawaji wa ardhi ya mailo (iliyogawiwa kwa maili za mraba) uliotokana nao, hufundishwa vizuri zaidi kwa maandishi ya mkataba wenyewe, ramani na chaki. Nimewahi kuona kipindi kizima kikipotea kwa video iliyoonyesha vilima vya Kampala vikipigwa picha kutoka angani huku msimulizi akisoma yaleyale yaliyomo kitabuni.

3. Video iwe na urefu gani?

Dakika tatu hadi sita kwa kipindi cha dakika 40. Makala ya saa nzima ni ya mwalimu kuitazama nyumbani na kuchagua kipande. Andika dakika na sekunde ambapo kipande hicho kinaanza na kuishia, usije ukakitafuta mbele ya wanafunzi 90 wanaokuangalia.

4. Mwalimu afanye nini wakati video inaendelea?

Kila aliyewahi kukaa katika kibanda cha video anamjua VJ, mtu anayepaza sauti yake juu ya sauti ya filamu na kuieleza kwa Kiganda: nani ni nani, ametoka wapi, na kwa nini ana hasira. Watu hulipa kumsikiliza yeye kama wanavyolipa kuiona filamu. Mwalimu wa historia ana la kujifunza kutoka kwake, isipokuwa ile tabia ya kutia chumvi. Simamisha video. Uliza, rudisha nyuma, kisha onyesha kidole kwenye uso ulio pembeni ya picha. Mwalimu anayewasha video na kuketi nyuma ya darasa kusahihisha madaftari amemwachia kazi yake msimulizi asiyelijua darasa lake.

Toa swali kabla ya kuwasha, si baada ya kuzima. Swali lenyewe liwe dogo na linalojibika kwa macho, kwa mfano: "Hesabu ni watu wangapi wanaozungumza katika kipande hiki, na ni wangapi wanaoonekana tu."

## Kuzipata

5. Video nzuri za bure zinapatikana wapi?

Hazina kubwa ni za mashirika ya zamani ya filamu za habari. British Pathé iliweka filamu zipatazo 85,000 kwenye YouTube mwaka 2014, na mwaka uliofuata Associated Press ikaweka zaidi ya nusu milioni, pamoja na zile za British Movietone. Humo mtaipata Uganda ya miaka ya 1950 na 1960, ziara ya Malkia Elizabeth II ya Aprili 1954 alipofungua bwawa la Owen Falls, ziara ya Papa Paulo VI ya mwaka 1969, na habari nyingi za enzi ya Idi Amin.

Kwa historia ya Afrika kabla ya ukoloni, mfululizo wa BBC ulioandaliwa na Zeinab Badawi unafaa, kwa sababu umejengwa juu ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO na wasemaji wake wengi ni wanahistoria wa Afrika wenyewe. Tovuti ya Colonial Film inaeleza filamu zaidi ya 6,000 zilizotengenezwa katika makoloni ya Uingereza. Chache tu kati yake hutazamwa hapohapo, lakini maelezo yake yanamsaidia mwalimu kujua nani aliitengeneza filamu na kwa kusudi gani. Internet Archive nayo ina filamu za zamani zinazoweza kupakuliwa moja kwa moja. Usizisahau chaneli za televisheni zetu wenyewe: vipindi vyao kuhusu makaburi ya wafalme wa Buganda ya Kasubi, yaliyoungua Machi 2010, au kuhusu ngome ya Patiko karibu na Gulu humpeleka mwanafunzi mahali ambapo nauli ya basi la shule haifiki.

6. Natafuta lakini sipati. Nifanyeje?

Tafuta kwa majina ya wakati ule. Waliohifadhi filamu hizi waliziandikia maelezo kwa tahajia ya siku hizo, na wengi hawajazibadilisha. Andika Kabarega pamoja na Kabalega, Unyoro pamoja na Bunyoro, Owen Falls badala ya Nalubaale, Tanganyika badala ya Tanzania. Ongeza mwaka. Ukitafuta neno Uganda peke yake utaletewa muziki na siasa za wiki hii.

7. Je, zipo video za Kiswahili?

Zipo, ingawa ni chache. Idhaa za Kiswahili za DW na BBC zina makala fupi za historia. Kwa kuwa somo letu hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, njia iliyo rahisi ni kushirikiana na mwalimu wa Kiswahili: yeye atumie kipande kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kwa mazoezi ya kusikiliza na ufupisho, nawe upokee darasa ambalo tayari linaijua habari. Arua, Bombo au Busia, ambako wanafunzi wengi wamekua wakisikia Kiswahili, mpango huu huenda vizuri kuliko mtu anavyotarajia.

## Ukweli na upendeleo

8. Nitajuaje kama picha ninazoziona ni za kweli?

Anza na tarehe moja. Onyesho linalohesabiwa na wengi kuwa la kwanza la filamu lililolipiwa na watazamaji lilifanywa na ndugu wa Lumière jijini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Kwa hiyo hakuna filamu ya msafiri Mwingereza Speke akiwa kwenye chanzo cha Nile mwaka 1862, wala ya mashahidi wa Namugongo, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao mwaka 1886. Chochote kinachotembea katika video za mada hizo kimeigizwa au kimechorwa. Wanafunzi wakiishika tarehe hiyo, wao wenyewe hugeuka wapelelezi, na baadhi yao hawakusamehi ukiisahau.

Kwa matukio ya baada ya hapo, kazi ni ngumu zaidi. Watengenezaji wa makala wakikosa picha za tukio huweka za tukio jingine linalofanana: askari wa mwaka fulani huonyeshwa wakipigana vita vya mwaka mwingine. Angalia sare, magari, mabango na miti. Tafuta kipande hichohicho kwenye hifadhi yake ya asili (swali la 5) na usome maelezo yake.

Siku hizi kuna video zilizotengenezwa kwa akili mnemba, ambamo mfalme Kabalega wa Bunyoro au Mwanga wa Buganda hufumbua mdomo na kuzungumza Kiingereza safi. Wawili hao walikamatwa pamoja tarehe 9 Aprili 1899 na kupelekwa uhamishoni Ushelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903, na Kabalega alifariki Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi Bunyoro. Video za namna hiyo zisitumiwe kama ushahidi wa walivyokuwa. Zinaweza kutumiwa kwa jambo moja tu: kuwauliza wanafunzi mtengenezaji ameyatoa wapi maneno aliyowatia mdomoni.

9. Filamu za wakoloni zinawadharau Waafrika. Je, nizionyeshe?

Zionyeshe, lakini zisionyeshwe uchi, yaani bila maandalizi. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake linastahili nafasi.

Kwanza, mwanafunzi ajue kwamba filamu yenyewe ilikuwa chombo cha utawala. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu wenye makao yake Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na biashara, na filamu hizo zilizungushwa hadi Uganda. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaanzisha kitengo chake cha filamu za makoloni, ambacho kazi zake zilifikishwa vijijini kwa magari ya sinema. Wazee wengine bado wanayakumbuka magari hayo. Mwanafunzi akimpata mzee wa namna hiyo, amepata ushahidi ulio bora kuliko filamu (tazama swali la 17).

Pili, onyesha kipande mara mbili. Mara ya kwanza uzime sauti. Wanafunzi waandike wanachokiona: nani yuko mbele, nani yuko nyuma, nani amevaa viatu, nani anabeba. Mara ya pili uwashe sauti, na walinganishe walichokiandika na anachokisema msimulizi. Katika filamu za habari za wakati ule, maneno na muziki viliongezwa baadaye studioni, na mara nyingi msimulizi hakuwahi kufika mahali palipopigwa picha. Ukitumia filamu ya Owen Falls, uliza kama wafanyakazi waliolijenga bwawa wametajwa, na kama wametajwa, kwa jina au kwa wingi wao tu.

Tatu, ipe filamu ya zamani mwenzake wa kujibizana naye. Mfano ninaoupenda ni wa jirani zetu wa Kenya. Hali ya hatari ilitangazwa huko tarehe 20 Oktoba 1952, na filamu za habari za miezi iliyofuata ziliwaeleza Mau Mau kama magaidi tu. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama Bungeni akakiri kwamba Wakenya waliteswa na utawala wa kikoloni, akaeleza masikitiko ya serikali yake, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Weka dakika mbili za filamu ya kwanza karibu na dakika mbili za hotuba ya pili, kisha nyamaza. Darasa litazungumza.

10. Vipi kuhusu filamu za kuigiza?

Zitumie kwa tahadhari na kwa vipande vifupi. Filamu maarufu ya mwaka 2006 kuhusu utawala wa Amin ilipigwa kwa sehemu kubwa hapahapa Uganda, lakini daktari wa Kiskoti aliye mhusika mkuu ni wa kubuni. Nimesahihisha insha zaidi ya moja iliyomtaja kama mtu wa historia.

11. Video mbili zikipingana, nichague ipi?

Usichague, zote mbili ziingie darasani. Shambulio la tarehe 24 Mei 1966 dhidi ya Lubiri (ikulu ya Kabaka) ya Mengo, ambalo lilimfanya Kabaka Mutesa II akimbilie Uingereza, alikofariki mwaka 1969, husimuliwa kwa namna moja na walio upande wa Obote na kwa namna nyingine kabisa na walio upande wa Buganda. Gawa ubao sehemu tatu: yale ambayo video zote mbili zinakubaliana, yale yanayosemwa na moja tu, na yale ambayo zote zimeyanyamazia. Sehemu ya tatu huwa tupu mwanzoni, na kuijaza huhitaji kitabu. Darasani, mwalimu asionyeshe yeye yuko upande gani, kwa sababu wapo wanafunzi watakaouandika upande huo katika mtihani wakidhani ndilo jibu.

## Vifaa, umeme na bando

12. Shule yetu haina intaneti. Je, tutaweza?

Mtaweza, kwa sharti kwamba intaneti itumike siku ya maandalizi na si siku ya somo. Kutegemea bando darasani ni kamari. Pale kitufe cha kupakua kinapoonekana katika programu ya YouTube, kitumie, ukikumbuka kwamba video hiyo hutazamwa ndani ya programu hiyo tu na kwamba programu hudai kuunganishwa tena baada ya muda. Video za Internet Archive zinaweza kuwekwa kwenye flashi. Ubora wa 360p unatosha kwa ukuta wa darasa, na filamu ya mwaka 1954 haitakuwa angavu zaidi kwa kuipakua kwa 1080p. Itakula bando tu. Shule zenye maabara ya kompyuta zinaweza kuweka Kolibri, programu ya bure inayohifadhi masomo na kuyasambaza kwa kompyuta nyingine bila intaneti.

Usipange somo kwa kiungo cha Facebook. Mtandao huo ulifungwa nchini Januari 2021, na mwalimu hapaswi kufundisha kwa kutegemea njia za kuzunguka.

13. Hatuna projekta.

Kompyuta moja ya mkononi, ikiwekwa juu ya meza iliyopandishwa juu ya meza nyingine, huhudumia wanafunzi 25 kwa wakati mmoja. Wengine wakati huo wasome chanzo cha maandishi, kisha wabadilishane. Spika ndogo ina thamani kuliko kioo kikubwa, kwa kuwa wanafunzi huvumilia picha ndogo lakini wasiposikia huanza kupiga soga. Ikiwa hata kompyuta hakuna, piga picha tatu au nne za video iliyosimamishwa, uzichapishe, na wanafunzi wazipange kwa mfuatano wanaoudhani kuwa sahihi. Mara nyingine zoezi hilo hufaulu kuliko video yenyewe.

14. Umeme ukikatika katikati ya somo?

Chaji vifaa usiku uliotangulia, na uwe na toleo la somo lisilohitaji video kabisa. Mwalimu mwenzangu huita toleo hilo gurudumu la akiba.

## Sheria, uangalifu na hali za pekee

15. Je, ninavunja hakimiliki nikionyesha video darasani?

Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 inatambua matumizi ya haki kwa ajili ya kufundishia, mradi matumizi yasizidi yanayohitajika na mwenye kazi atajwe. Kuonyesha kipande kifupi darasani bila malipo ni jambo moja. Kunakili filamu nzima kwenye flashi na kuiuza kwa shule jirani ni jambo jingine kabisa. Kumbuka pia kwamba masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua kwa njia nyingine isipokuwa ile inayotolewa na YouTube yenyewe. Zoea kuandika ubaoni jina la mwenye video na mwaka wake. Ni heshima kwake, tena ni somo la namna ya kutaja chanzo.

16. Nifanyeje na picha za mauaji na mateso?

Jiulize kwanza kama picha yenyewe inahitajika, au kama ushuhuda wa maneno unatosha. Kwa kawaida unatosha. Historia yetu ya karibuni, kuanzia miaka ya Amin hadi vita vya Luwero na vita vya waasi wa LRA kaskazini, iko ndani ya familia za watu walioketi mbele yako. Mwanafunzi wa Gulu au Kitgum anaweza kumwona shangazi yake katika umati wa kambi. Mwanafunzi mwingine anaweza kuwa mtoto wa mtu aliyetekwa akiwa mdogo na kulazimishwa kushika bunduki. Tazama kipande chote mwenyewe kabla, sauti ikiwa imewashwa. Waarifu wanafunzi siku moja kabla, umruhusu anayetaka kutoka atoke bila kueleza sababu, na umjulishe mwalimu mlezi. Usitoe kazi ya "jiweke katika nafasi ya aliyeteswa". Badala yake waulize ushuhuda ulikusanywa na nani, lini, na kwa lugha gani.

Tahadhari hiyohiyo inahitajika unapofundisha kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972, waliopewa siku 90 waondoke. Filamu za viwanja vya ndege zinajulikana sana, lakini darasani anaweza kuwapo mtoto wa familia iliyoondoka ikarudi, na pembeni yake mtoto wa familia iliyopewa duka lililoachwa.

17. Je, wanafunzi wanaweza kutengeneza video zao wenyewe?

Wanaweza, na kazi za mradi katika mtaala zinatoa nafasi. Kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, tumia simu ya mwalimu au kamera ya shule, kwa zamu. Kazi iwe mahojiano ya dakika tano na mtu mmoja kuhusu jambo moja: siku Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979, gari la sinema, soko kabla ya barabara ya lami. Mzee aombwe ruhusa kwa lugha yake na aambiwe video itaonyeshwa wapi. Akikataa kuonyeshwa uso, sauti inatosha. Video zisiwekwe mtandaoni bila yeye kukubali mara ya pili, baada ya kuitazama.

18. Nina mwanafunzi kiziwi. Maandishi yanayojitokeza yenyewe chini ya video yanatosha?

Hayatoshi. Maandishi hayo hukosea majina ya Kiafrika mara nyingi, na katika somo la historia majina ndiyo mwili wa habari. Mwandikie muhtasari wa maneno ya msimulizi na umpe kabla ya kipindi. Ukishauandika, utagundua darasa zima linauhitaji.

19. Mkuu wa shule anasema video ni mchezo. Nimjibu nini?

Mkaribishe katika kipindi cha swali la 9, lile la kuonyesha mara mbili, na umpe naye karatasi ya kuandika anachokiona. Usimwalike siku ya kwanza ya kujaribu vifaa.